Spika juu ya stendi: zisikike vizuri, zisiangukie watoto

Umeongeza sauti, redio inanguruma, lakini maneno ya mtangazaji huyapati vizuri. Mara nyingi kosa si la redio, ni la mahali ulipoweka spika.

Sauti nyembamba, zinazobeba herufi kama s, f na t, husafiri kwa kunyooka. Spika ikiwa sakafuni, sauti hizo huishia kwenye viti na magoti ya watu. Sauti nzito huenea kila upande, na kona ya ukuta huzizidishia mngurumo. Hapo ndipo stendi inaposaidia.

Urefu: Kile kispika kidogo cha sauti nyembamba kiwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, karibu mita 1 kutoka sakafuni.

Nafasi: Sogeza spika mbali kidogo na ukuta. Umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila moja hadi unapokaa.

Nyaya: Zima umeme kwanza. Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi. Ukigeuza kwenye spika moja tu, sauti nzito hufifia.

Usalama: Kitako cha stendi kiwe kipana na kizito. Sakafu ya udongo isawazishe kwanza, kisha weka mfuko wa mchanga juu ya kitako. Nyaya zipite kandokando ya ukuta, mtoto asijikwae wala asizivute.

Mwisho, itikise stendi kidogo kwa mkono. Ikiyumba, usiwashe muziki mpaka umeirekebisha.