Mringaringa na maharage: kabla hujaita chensoo, soma hapa

Haya wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo tuongee shamba. Najua kuna watakaouliza, habari na maharage wapi na wapi? Subirini kwanza, maana hili jambo linagombanisha ndugu kuliko uchaguzi.

Kila mwaka ikifika Januari na Februari, masika yakianza kunukia, huko kwetu Uchagani unazuka mjadala uleule. Mtu anataka kupanda maharage kihambani. Anaangalia juu, anaona mringaringa au mgrivea umetanda. Anasema chini ya mti huu hakuna kitakachozaa, leteni chensoo. Mwingine, mara nyingi mama au shangazi, anasema mti huu alipanda babu, haukatwi ng'o. Watu wananuniana, na wakati mwingine kesi inafika kwa balozi.

Mimi si bwana shamba, ila nimekulia kihambani na jambo hili nimelifuatilia kwa muda. Msimamo wangu nausema mapema: wote wawili wana hoja. Anayesema kivuli kinaua maharage yuko sawa. Anayesema mti usikatwe naye yuko sawa. Wanachosahau wote ni kwamba mti na maharage vina kalenda tofauti, na humo ndimo suluhu ilimo.

Kwanza tuelewe kwa nini ugomvi umekuwa mkubwa. Kihamba cha asili kilipangwa kwa ghorofa: juu kabisa miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, halafu chini kabisa magimbi na mboga. Maharage mengi yalilimwa tambarare, kwenye mashamba ya mahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa ikaporomoka vibaya, wengi wakang'oa au wakaitelekeza. Vihamba navyo vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vingine vimebaki kama kiwanja cha nyumba. Ndiyo maana maharage yamepanda mlimani na kukutana na mti uso kwa uso.

MAHARAGE YANATAKA NINI

Maharage ni mazao ya haraka. Aina nyingi za kichaka zinakomaa kwa siku 70 hadi 90 hivi, kutegemea mwinuko na ubaridi. Ndani ya muda huo mfupi yanataka vitu vingi kwa mpigo. Yanataka jua la kutosha. Yanataka mvua kama milimita 300 hadi 500 zilizotawanyika vizuri, siyo za kumwagika wiki moja. Hayataki maji yatuame. Joto lake zuri ni kati ya nyuzi 15 na 27 hivi. Likizidi 30 wakati wa maua, maua yanadondoka na unabaki na majani ya kupendeza bila chakula.

Mizizi yake mingi iko juu juu, ndani ya sentimita 30 za kwanza. Hayana ubavu wa kufuata maji chini. Ni kweli yanajitengenezea sehemu ya naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi, lakini katika ukoo wa mikunde maharage ni wavivu kidogo kwa kazi hiyo. Kwa hiyo bado yanategemea rutuba ya udongo, hasa fosforasi.

Yakikosa jua yanafanyaje? Yanarefuka kama mtu anayechungulia dirishani, shina linakuwa jembamba, maganda yanakuwa ya kuhesabu. Na kule juu kwenye ukungu, majani chini ya mti yanachelewa kukauka asubuhi, na unyevu huo ndio unaokaribisha kutu na chule.

MTI UNATAKA NINI

Mti wenyewe hauna haraka. Mringaringa wa kupasua mbao unaungojea miaka mingi. Mgrivea, uliotoka Australia na kuletwa kwetu kama kivuli cha chai na kahawa, unakimbia zaidi, lakini nao ni habari ya miaka, siyo miezi. Mti unakunywa kidogo kidogo mwaka mzima. Kiangazi kikikausha juu, mizizi yake inafuata maji chini, mahali ambapo maharage hayajawahi kufika.

Ila jamani, msidanganywe na ule usemi kwamba mizizi ya mgrivea inaenda chini tu kwa hiyo haigombani na mazao. Ina mizizi mingine mingi midogo ileile sehemu ya juu. Utafiti uliofanyika Machakos, Kenya, miaka ya 1990 ulionyesha kwamba migrivea ilipokua, mahindi yaliyolimwa pamoja nayo yalipungua sana, hasa misimu ya mvua haba. Ikiwa mahindi yalilia, maharage yatacheka?

Na miti siyo yote sawa. Mfuruanje, ambao wengine huuita mruka, ni wa ukoo wa mikunde na unarutubisha udongo kwa naitrojeni. Mringaringa hauna uwezo huo, ila majani yake yanaoza upesi na kuwa mboji. Majani ya mgrivea yanachelewa kuoza. Ni mazuri kwa kufunika udongo, siyo kwa mbolea ya haraka. Kwa wa tambarare kuna mkababu, huo ni mti wa ajabu: unapukutisha majani wakati wa mvua na kuyarudisha kiangazi. Yaani unampisha mkulima alime.

MTI UKIWA MTOTO

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Mti ukiwa mche, mambo yanageuka. Adui zake ni magugu, mbuzi na ukame. Ukipanda maharage karibu nao, unapalilia maharage na mche unapaliliwa bure, na jicho la mwenye shamba linakuwa hapo kila siku. Ndiyo maana kwenye mashamba ya miti ya Serikali, kama West Kilimanjaro na Rongai, wananchi walikuwa wakipewa nafasi ya kulima mazao mafupi kati ya miche mpaka miti itakapofunga. Miaka miwili mitatu ya mwanzo maharage ndiyo yaya wa mti. Baadaye mtoto anakua na kumkalia yaya wake.

KIVULI KINAPIMIKA

Chukua mti wa mita 15. Mwezi Machi, sisi tulio karibu na ikweta, jua la mchana liko karibu utosini na kivuli kinakaa chini ya mti wenyewe. Lakini kwenye saa tatu na nusu asubuhi jua liko nusu ya kupanda, na kivuli kinakuwa sawa na urefu wa mti: mita 15 kuelekea magharibi. Saa tisa na nusu alasiri kinageuka mita 15 kuelekea mashariki. Kaskazini na kusini hakiendi mbali.

Maana yake ni nini? Ukipanda miti kwa mstari unaotoka mashariki kwenda magharibi, kivuli kinatembea juu ya mstari huohuo na maharage ya pembeni yanapata jua. Ukiipanga kaskazini kwenda kusini, inafagia shamba lote asubuhi na jioni. Na mti wa mpaka ulio mashariki mwa jirani yako unamnyima jua la asubuhi, lile la kukausha umande. Kwa hiyo jirani akilalamika msimwite mchawi, ana hesabu yake.

SASA TUFANYEJE

Hesabu kubwa ni hii. Ukikosea msimu wa maharage, vuli au masika yanayofuata unapanda tena. Ukikata mti wa miaka 25, anayekuja kukaa chini ya mwingine kama huo ni mwanao akiwa mtu mzima. Katikati hapo kahawa na migomba inaungua jua, kuni zinanunuliwa, na udongo wa mteremko unateremka na mvua kwenda tambarare. Gunia la maharage haliwezi kulipa hayo yote.

Ninachoshauri:

1. Pogoa Februari, kabla ya kupanda. Punguza matawi ya chini na yaliyosongamana, acha angalau theluthi ya juu. Mgrivea na mringaringa vyote vinachipua tena. Maharage yanapata jua lake siku 80, yakivunwa mti unakuwa umeanza kurudisha matawi kufunika kahawa kabla ya kiangazi kikali. Kuni na majani ni faida ya juu.

2. Usipande maharage shinani. Acha mita mbili tatu, hapo weka magimbi, hayo kivuli hakiyatishi.

3. Kama mti uko mpakani na mizizi inanyonya, chimba mtaro na kuikata kwa upande mmoja tu, mbali na shina. Ukizunguka pande zote upepo utauangusha juu ya paa lako.

4. Angalia ulipo. Juu kwenye baridi na ukungu, pogoa zaidi. Chini kwenye joto, kivuli chepesi kinaweza kusaidia maua yasidondoke, ila hapo chunga maji.

5. Kama ni lazima mti uondoke, kwa sababu umeoza au unatishia nyumba, panda mingine miaka kadhaa kabla. Na uliza ofisi ya kijiji kuhusu kibali, usije ukalala ndani kwa ajili ya debe la maharage.

Mwaka 2011 FAO waliitambua kihamba ya Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Walichokiona pale ni zile ghorofa: mti, mgomba, kahawa, na vya chini. Ghorofa ya juu ikiondoka, jengo lote linavuja.

Haya, uwanja ni wenu. Wadau wa Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, ninyi mnapogoa au mnakata? Na ndugu zetu wa Bukoba wenye vibanja, maharage chini ya migomba na miti mnayafanyaje mpaka yanazaa? Wenye utaalamu zaidi mtusahihishe hapo chini, ila tusitukanane.