Je, Wajua? Karafuu ni Ua Lisilowahi Kuchanua
Karafuu, ambayo Sultani Seyyid Said alihimiza ipandwe Unguja na Pemba katika karne ya 19, na ambayo wazee wetu huibana penye jino liumalo, si mbegu wala tunda, kama wengi wadhanivyo, bali ni tumba la ua lililochumwa kabla ya kupasuka. Na katika mafuta yake, sehemu 70 hadi 90 kwa mia ni eujenoli, ambayo hutia ganzi mishipa ya fahamu na kuua vijidudu. Matabibu wa meno huichanganya na oksidi ya zinki wakapata saruji ya kuzibia jino kwa muda (ndiyo ile harufu ya chumbani mwao). Lakini mafuta halisi ni makali: huunguza ufizi, na mtoto akiyanywa yaweza kumdhuru ini.