Ua la Koponi na Taya la Mtoto

Mwaka jana nilikwenda Pumwani, mitaa ya mashariki ya Nairobi, kumjulia hali shangazi yangu. Mlangoni pake, ndani ya kopo la rangi, limo ua dogo la zambarau lenye petali tano, lile ambalo kwetu Pwani huota mchangani bila kupandwa na mtu. Nilimkuta jirani yake akiomba majani akachemshe. Mwanawe wa miaka sita alikuwa amevimba taya, na mama alisikia kwamba ua hilo huponya saratani.

"Usimnyweshe, mama," nikamwambia. "Hiyo ni sumu."

"Mbona basi wasema ni dawa?"

Msomaji, yote mawili ni kweli. Asili ya ua hilo ni Bukini, yaani Madagaska. Mwaka 1958 Robert Noble na Charles Beer wa Kanada walitangaza dawa ya vinblastini waliyoitoa katika majani yake. Nduguye, vinkristini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1963. Mwaka uo huo wa 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya za watoto, ambao leo waitwa kwa jina lake. Vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazoutibu.

Hufanyaje kazi? Seli inapotaka kugawanyika hutandaza nyuzi nyembamba, mikrotubuli, za kuvuta urithi wake nusu huku na nusu huku. Vinkristini huishika protini inayojenga nyuzi hizo. Ni kama msusi wa mkeka aliyenyang'anywa ukili: kazi hukwama, na seli hufa. Saratani hugawanyika mbiombio, ndiyo maana huumia zaidi. Lakini hata mishipa ya fahamu hutumia nyuzi hizo, kwa hiyo mgonjwa aweza kupata ganzi vidoleni.

Tena mamia ya kilo za majani makavu hutoa gramu moja tu hivi, na daktari huipima kwa miligramu na kuitia mshipani. Nani ataipima katika sufuria?

Asubuhi yake tulipanda matatu, mama, mtoto na mimi, tukaenda hospitali. Uvimbe ulikuwa ule ule wa Burkitt. Alitibiwa miezi kadhaa, na leo, alhamdulillahi, anacheza kandanda uwanjani.

Ua lingali koponi. Anayeomba majani, shangazi humjibu: "Tazama kwa macho, mwanangu."