Sufuria ya Umeme ya Kupikia Wali: Namna ya Kuichagua na Kuitunza

Safari hii twapenda kuandika habari za chombo ambacho siku hizi chaonekana katika nyumba nyingi za mijini, na hata vijijini mahali nyaya za umeme zilipofika. Ni sufuria ya umeme ya kupikia wali, ambayo wenye maduka huiita raiskuka. Wako wasemao kwamba ni chombo cha anasa tu, lakini sisi hatuoni hivyo. Mama apikaye kwa kuni na mkaa avuta moshi na hewa mbaya kila siku, na mtoto aliye mgongoni mwake huivuta pamoja naye. Mwezi wa Mei mwaka wa 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza shauri lake kubwa, kwamba ifikapo mwaka wa 2034 watu 80 katika kila watu 100 wawe wakipika kwa nishati safi. Basi fedha nyingi za wenye nyumba zitatumika kununua vyombo vya namna hii, na mtu asiyejua la kutazama aweza kutoa akiba yake yote akaleta nyumbani kitu kitakachokufa kabla gunia la mchele halijaisha.

Asili ya chombo hiki ni nchi ya Japani. Wajapani walikuwa wamejaribu mara nyingi kupika wali kwa umeme, lakini ilikuwa lazima mtu akae karibu na kuangalia, maana chombo hakikujua wali umeiva lini. Hatimaye kampuni ya Toshiba ilimpa kazi hiyo bwana mmoja mwenye karakana ndogo, jina lake Yoshitada Minami. Yeye alijua mitambo, ila hakujua wali. Aliyejua wali ni mkewe, Fumiko. Bibi huyo alipika na kupima, akapika tena na kupima tena, akiandika joto la maji na hali ya mchele, mpaka shauri likapatikana. Walitengeneza sufuria mbili, moja ndani ya nyingine, na maji kidogo yalitiwa katika ile ya nje. Maji hayo yalipokwisha kukauka, kwa muda wa dakika 20 hivi, joto lilipanda ghafula na swichi ikajizima yenyewe. Chombo hicho kilianza kuuzwa mwezi wa Desemba mwaka wa 1955. Twalitaja jambo hili kwa sababu wengi hudhani kila mtambo umetoka katika kichwa cha fundi peke yake, na kumbe huu ulitoka nusu katika jiko la mama.

Sufuria za leo hazitumii maji ya nje, lakini hekima yake ni ile ile. Maji yakiwa yangali yamo, joto la sufuria haliwezi kupita digrii 100; umeme wote waliwa na kazi ya kuchemsha. Mchele ukiisha kunywa maji yote, joto halina tena pa kwenda, nalo hupanda. Katikati ya sahani ya moto kuna kitufe chenye sumaku, pamoja na kipande cha madini ambacho kikipata joto lililozidi kidogo lile la maji yachemkayo, hupoteza nguvu ya kushikana na sumaku. Papo hapo springi husukuma, swichi huruka, nanyi mwasikia mlio mdogo. Mtu akiielewa habari hii moja, karibu maonyo yote yafuatayo atayatambua mwenyewe.

Sasa tuje dukani. Kwanza soma kibandiko kilicho chini ya chombo, utafute neno la volti. Umeme wa Tanzania ni volti 230, na wa Kenya ni 240. Umeme wa Japani ni volti 100 tu, na wa Marekani ni 120. Katika maduka ya vitu vilivyotumika mna sufuria nzuri mno zitokazo Japani, nzito, zenye kung'aa, na bei yake yavutia. Jirani yetu mmoja alinunua ya namna hiyo, akaichomeka ukutani, na kabla mchele haujapata moto nyumba ikajaa harufu ya kuungua. Maana chombo cha volti 100 kikitiwa katika volti 230 hula nguvu zaidi ya mara tano ya kiasi chake. Kilichoumbwa kwa wati 400 huvuta wati zaidi ya 2,000 kwa dakika zile chache za uhai wake. Ndugu aliye Marekani akitaka kukuletea zawadi, mwambie mapema. Iko mashine ya kupunguza volti, lakini wati zake hazina budi kuzidi wati za sufuria, na mara nyingi gharama ya viwili hivyo hupita bei ya sufuria mpya. Zile zitokazo Dubai na Oman hazina taabu hiyo, kwa kuwa umeme wa huko wakaribiana na wetu, na hata tundu za ukutani ni zile zile za meno matatu ya mraba.

Pili ni ukubwa. Kikombe kidogo kinachokuja na chombo si kikombe cha chai, wala si kipimo cha vitabu vya mapishi vya Wamarekani. Ni kipimo cha Kijapani cha mililita 180, nacho huchukua mchele wa gramu 150 hivi. Chombo cha vikombe 10, yaani cha lita 1.8 za mchele mkavu, chapika kama kilo moja na nusu, nacho chatosha nyumba kubwa yenye wageni. Cha lita moja chatosha mume na mke na watoto wawili watatu. Lakini uliza vizuri, maana viwanda vingine huandika lita za mchele, na vingine huandika lita za sufuria nzima mpaka ukingoni, na tofauti ya hizo mbili ni kubwa. Wala usinunue kubwa mno kwa ajili ya sikukuu moja. Mchele kidogo katika sufuria pana huwa tabaka jembamba, nao hukauka upesi na kushika chini.

Kuna sufuria zenye swichi moja ya kubonyeza, na kuna zenye vitufe vingi na tarakimu zing'aazo, ambazo hupima joto na kulibadili zenyewe. Hizi za pili hupika wali bora, hatukatai. Lakini kwa nyumba ya kawaida, mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, twaipendelea ile ya swichi moja. Haina mengi ya kuharibika, na fundi wa mtaani ajua kuifungua. Iinue mkononi: sahani ya moto na sufuria ya ndani zisiwe nyepesi kama kopo. Izungushe sufuria ya ndani mahali pake, uone kama yakaa sawasawa bila kucheza. Tazama kwamba kichwa cha waya kina meno matatu, maana lile la tatu ndilo la kuupeleka umeme ardhini, na chombo cha maji na bati kisicho nalo si cha kuguswa na watoto. Halafu mwombe mwenye duka akuruhusu kuijaribu. Tia maji nusu kikombe, bonyeza swichi, ukae ungoje. Yatachemka, yatakauka, na swichi itaruka yenyewe. Ikiwa maji yamekwisha nayo haikuruka, mrudishie chombo chake. Mwenye duka akikataa kujaribu, na duka la pili halipo mbali.

Katika kupika, alama za maji zilizochorwa ndani ya sufuria zimewekwa hasa kwa mchele mfupi wa Asia ya Mashariki. Mchele wa Kyela, wa Kilombero au wa Mwea una tabia yake, na hata mchele wa shamba moja hubadilika: ule mpya wa mavuno hutaka maji machache, na uliokaa ghalani hunywa mengi. Fuata alama mara ya kwanza, kisha ongeza au punguza nusu kikombe mpaka upate kiasi chako, ukiandike. Wakaao nchi za juu, kama Mbeya na Nairobi, wajue kwamba kwao maji huchemka kwa digrii 94 hivi. Yafaa waloweke mchele nusu saa kwanza na kuongeza maji kidogo.

Watu wa pwani hulalamika kwamba chombo hiki hakijui wali wa nazi. Swichi huruka mapema, juu mchele mbichi, chini umeungua. Sababu yake ni hii: tui zito lina mafuta na sukari, navyo hushika chini na kupata joto kali kabla ya maji kwisha, kitufe kikadanganyika. Dawa ni kupika kwa tui la pili lililo jepesi, na swichi ikiisha kuruka, kumimina tui zito juu, kukoroga taratibu na kufunika kwa robo saa. Wali wake ni mzuri, ingawa wapendao ule wa kupaliwa makaa juu ya kifuniko hawatakiri kamwe.

Hata usipoipika nazi, swichi ikiruka usifunue upesi. Acha dakika 10 au 15, mvuke umalize kazi.

Utunzaji wake si mgumu, lakini wataka mkono wa kila siku. Kabla ya kuirudisha sufuria ya ndani, futa mgongo wake mpaka ukauke kabisa. Punje moja ya mchele ikiangukia kwenye sahani ya moto yatosha kuinua sufuria upande mmoja, na hapo joto halipiti sawasawa, na kitufe hakigusi. Ndiyo maana wali wa leo umekuwa mbichi na wa jana ulikuwa mzuri. Sahani hiyo ikishika uchafu, chomoa waya, ngoja ipoe, uifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Mwili wa chombo usitiwe majini kamwe. Sufuria ya ndani isisuguliwe kwa steliwuli wala mchanga, wala wali usipakuliwe kwa kijiko cha chuma. Utando mweusi ukianza kubanduka, wali utashika kila siku. Tundu la mvuke lioshwe, maana ute wa mchele huganda humo. Tena usiipandishe sufuria ya ndani juu ya mkaa au gesi, hata mara moja: tako lake likipinda kidogo tu halitalala tena juu ya sahani.

Lipo jambo moja tunalolisema kwa mkazo. Ndani ya chombo, ndani ya kijifuko cha kitambaa, mna fyuzi ndogo ya joto. Joto likipita kiasi hukatika, chombo kikafa, na nyumba ikapona. Mafundi wengine hutoa fyuzi hiyo na kuunga waya mtupu mahali pake. Chombo hufufuka, mwenye nyumba hushukuru, na tangu siku hiyo hakuna kitu cha kuzuia moto. Mwulize fundi ameweka nini, na umwambie akuonyeshe fyuzi mpya yenye tarakimu zile zile za zamani. Ni kitu kidogo cha bei ndogo.

La mwisho ni kiporo. Katika mchele mna vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukikaangwa upya. Aliyekula hutapika baada ya saa chache, na watu husema amelogwa au chai ilikuwa mbaya. Taa ya kutunza joto ikiwaka si dhamana: joto likiwa juu ya digrii 60 vijidudu havikui, lakini sufuria hafifu hazifikii hapo, na umeme ukikatika usiku hakuna ajuaye ni saa ngapi wali umelala vuguvugu. Basi uliobaki utandazwe katika sinia upoe, na kabla saa moja haijapita uwekwe katika jokofu, uliwe kesho yake baada ya kupashwa moto mpaka ufuke mvuke, mara moja tu. Nyumba isiyo na jokofu na ipike kiasi cha kuliwa. Hata kwa hesabu ya umeme ni faida: sufuria ya wati 700 ikipika kwa dakika 35 hula kama sehemu nne katika kumi za yuniti moja, na kutunza joto kwa wati 40 tangu saa mbili za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi hula kiasi kile kile.

Na umeme ukikatika katikati ya kupika, usifunue kifuniko. Chomoa waya, ili umeme urudipo kwa nguvu usiingie kwa ghafula. Ukirudi katika nusu saa, chomeka na kubonyeza tena, wali utaendelea. Usiporudi, washa jiko, uhamishe mchele na maji yake katika sufuria ya kawaida, umalizie hapo.