Uozo wa Mizizi ya Maharagwe Unaosababishwa na Pythium katika Nyanda za Juu za Afrika Mashariki na Kati

1. Utangulizi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya, wakiwamo wa Vihiga na Kakamega, waliacha kupanda maharagwe kutokana na uozo wa mizizi. Tatizo hilohilo liliikumba Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda. Maeneo hayo yana mvua nyingi, watu wengi na mashamba madogo yanayolimwa msimu hadi msimu bila kupumzishwa. Kwa kaya zinazotegemea maharagwe kupata protini, hasara hiyo huanzia shambani na kuishia jikoni.

2. Asili ya kimelea

Kwa kuwa Pythium huota nyuzi, kwa mazoea huhesabiwa miongoni mwa kuvu. Hata hivyo, kimelea hiki ni cha kundi la oomiseti, yaani ukungu wa maji, ambalo kinasaba liko karibu zaidi na mwani wa kahawia. Ukuta wa seli yake una selulosi, ilhali ule wa kuvu halisi hujengwa kwa kitini. Tofauti hii ina athari katika tiba. Viuakuvu vya kundi la azoli huzuia utengenezaji wa ergosteroli, kiambato ambacho Pythium haikitengenezi. Kwa hiyo haviidhuru. Metalaksili huidhuru kwa kuzuia utengenezaji wa RNA, lakini ikipakwa kwenye mbegu kinga yake ni ya muda mfupi, na vimelea sugu huweza kujitokeza.

3. Uambukizaji

Oospora zenye kuta nene huweza kubaki udongoni kwa miaka kadhaa. Udongo ukilowa, baadhi ya spishi hutoa spora zenye mijeledi miwili, ambazo huogelea kuelekea kwenye kemikali zinazotolewa na ncha za mizizi. Nyingine huotesha uzi moja kwa moja. Mizizi michanga hulainika, hugeuka hudhurungi na kuoza, na uozo hupanda hadi sehemu ya chini ya shina. Mche hunyauka ingawa udongo una maji, kwa sababu mizizi ya kuyanyonya imekwisha kuharibika.

4. Udhibiti

Kupanda juu ya matuta huondoa maji yaliyotuama, na kupandishia udongo kwenye shina wakati wa palizi huchochea mizizi mipya juu ya sehemu iliyooza. Samadi na mboji iliyoiva hustawisha viumbe vinavyoshindana na kimelea. Kinyume chake, majani mabichi yakifukiwa muda mfupi kabla ya kupanda huweza kuwa chakula cha Pythium yenyewe.

Njia nafuu zaidi kwa mkulima mdogo ni mbegu kinzani. Aina ya RWR 719 ina ukinzani unaotawaliwa na jeni moja tawala, jambo linalorahisisha kuuhamishia katika aina nyingine. Uhamishaji huo ni muhimu kwa kuwa RWR 719 ina punje ndogo, ilhali walaji na wafanyabiashara wengi hupendelea punje kubwa kama za rosecoco, ambayo hushambuliwa kwa urahisi.

5. Hitimisho

Ukinzani wa jeni moja huweza kushindwa kimelea kikibadilika. Hivyo basi, mbegu kinzani hazichukui nafasi ya utunzaji wa udongo: zikipandwa kwenye ardhi iliyochoka na isiyopitisha maji, zitaendelea kukabili shinikizo lilelile lililowafanya wakulima waache zao hili.