Mashini Ikinyamaza: Imekufa ao Inakawia?



Juma lililopita, kisha somo la informatiki, vijana wa mwaka wa tatu walitufuata kwenye baraza na kuuliza hivi: kama kompyuta elfu moja zinafanya kazi moja, na moja inakufa, nani atajua? Na kazi yake inaenda wapi? Tulijibu mbiombio, juu kengele ilikuwa inalia. Leo tunajibu vizuri.

Kompyuta nyingi zilizounganishwa ili zitumike sawa mashini moja, zinaitwa klasta. Kila kompyuta iliyo ndani ni nodi. Wengi kati yetu wanafikiri ya kwamba wenye klasta wananunua mashini za nguvu zisizoharibika. Hapana. Mwaka 2003 wahandisi watatu wa Google, Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung, walieleza namna kampuni yao ilivyotunza habari zake. Walisema wazi ya kuwa mashini zao ni za bei ndogo, na kuharibika kwao ni jambo la kawaida. Basi wakapanga hivi: kila faili inakatwa vipande vya megabaiti 64, na kila kipande kinawekwa katika mashini tatu mbalimbali. Moja ikifa, mbili zinabaki, na mashini kubwa inayosimamia inaamuru kipande kiandikwe tena pahali pengine mpaka vifike vitatu.

Lakini msimamizi anajua namna gani kama moja imekufa? Anafanya apeli, sawa sisi jioni katika internati. Katika programu iitwayo Hadoop, kila nodi inayotunza habari inatuma ujumbe mdogo kila sekunde 3: «niko». Ujumbe huo wanauita mapigo ya moyo. Msimamizi akikosa kuusikia kwa muda wa dakika 10 na nusu, kama desturi ya programu haikubadilishwa, anaandika nodi ile kati ya wafu. Mtaona dakika hizo ni nyingi. Ni kweli, lakini kunakili habari zote za mashini moja ni kazi nzito, na kuifanya bure juu ya mashini iliyokawia kidogo tu ni hasara.

Hapo ndipo shida yenyewe iko. Mashini iliyokufa haisumbui sana. Inayosumbua ni ile iliyonyamaza. Labda imekufa. Labda iko mzima, ila waya umekatika. Labda inafanya kazi polepole. Kwa yule anayengoja, kimya ni kimya. Mwaka 1985 wataalamu Fischer, Lynch na Paterson walionyesha kwa hesabu ya kwamba, pahali ambapo ujumbe unaweza kukawia bila kipimo, hakuna kanuni isiyotumia bahati inayoweza kuhakikisha kila mara kwamba mashini zitafikia shauri moja, hata kama ni moja tu inayoweza kufa.

Jambo hili tumelipata sisi wenyewe. Mwaka jana tulienda nyumbani kwa kilio, daraja likachukuliwa na maji, tukakawia siku nne juu ya ruhusa yetu. Hakuna habari iliyofika masomoni. Msaidizi wetu akawekwa kapita, na ilikuwa haki. Tulirudi usiku, watu wamelala. Asubuhi, bila kuuliza mtu, tukatuma wadogo wa mwaka wa kwanza wakate majani kwenye kiwanja. Naye alikuwa amekwisha kuwatuma kuni. Wadogo wakatembea huku na huko, wakakosa uji, na juu ya hayo wakaandikwa kati ya waliokosa salongo. Waliadhibiwa kwa kosa letu. Hatujalisahau.

Klasta nayo inaweza kupata wakubwa wawili hivyo, kila mmoja akiandika mambo yake. Dawa moja inayojulikana sana ni kanuni ya Raft, iliyotolewa mwaka 2014 na Diego Ongaro na John Ousterhout wa chuo kikuu cha Stanford. Nodi zikiwa 5, mkubwa lazima apate kura 3. Mtandao ukipasuka, upande wenye nodi 2 hauwezi kuthibitisha neno lolote jipya. Tena kila uongozi una namba yake, nayo inapanda tu. Mkubwa wa zamani akirudi na namba 7 na kukuta wenzake wako kwa namba 8, anashuka papo hapo na kuwa mfuasi. (Klasta zingine zinakata kabisa umeme wa mashini ya zamani ili isiamuru tena. Kwetu umeme unajikata wenyewe.)

Hata hivyo kura peke yake haitoshi. Tarehe 21 Oktoba 2018, huko Marekani, mafundi wa GitHub, pahali ambapo waandishi wa programu wanaweka kazi zao, walikuwa wanabadilisha chombo cha mtandao. Kituo chao cha mashariki kikatengwa kwa sekunde 43. Mashini za uchaguzi zilizobaki zilikuwa wengi, zikahesabu kura sawasawa, zikahamisha ukubwa kwenda magharibi. Lakini maandishi ya sekunde za mwisho yalikuwa mashariki tu, hayajavuka. Na magharibi ikaanza kuandika yake, karibu dakika 40. Kila upande ukawa na kitu ambacho mwenzake hana. Raft inakataza jambo hilo: nodi hainyimi kura kwa chuki, inamnyima yule ambaye daftari lake liko nyuma kuliko lake.

Mafundi wangeweza kufuta maandishi ya upande mmoja na kufungua mlango upesi. Hawakukubali. Walichagua kutunza kazi za watu, na huduma ikabaki yenye kasoro kwa saa 24 na dakika 11, juu ya waya uliokatika kwa sekunde 43.

Kapita wa internati, mwaka wa 6