Kabla ya kumleta mtoto wa mbwa nyumbani

NI mnyama mpole, mwenye manyoya marefu ya rangi ya dhahabu, na watoto wakishamwona huwa hawataki kuachana naye. Mbwa wa aina ya golden retriever huwavutia wakazi wengi wa mijini, na wale wanaoishi pembezoni mwa Eldoret, kama vile Kiplombe, hujiona wana bahati kuliko wenzao wa Nairobi. Kiwanja kipo, asubuhi ni baridi, na mbwa hatakosa mahali pa kukimbia.

Hayo ni kweli. Hata hivyo, kabla ya kulipa pesa, kuna jambo moja la afya ambalo kila mzazi anapaswa kulielewa. Meno ya mtoto wa mbwa, hata awe mdogo kiasi gani, ni meno ya mbwa. Akimtoboa mtoto wako ngozi kabla hajakingwa dhidi ya kichaa, hilo ni jambo la hospitali wala si mchezo.

Mdomo ndio mkono wake

Aina hii ya mbwa ilianzishwa huko Uskoti. Mwaka wa 1868, tajiri mmoja aitwaye Dudley Marjoribanks, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Tweedmouth, alimzalisha mbwa wake wa manjano, Nous, na jike aitwaye Belle. Alitaka mbwa wa kuokota ndege waliopigwa risasi na kuanguka majini au vichakani, awalete kwa bwana wake bila kuwatafuna.

Kwa hivyo, golden retriever amezaliwa na hamu ya kubeba vitu kwa mdomo. Viatu, soksi, vitabu vya shule na vidole vya watoto, vyote huvijaribu. Kati ya miezi 3 na 6 meno yake ya utotoni, ambayo ni makali kama sindano, hung'oka na mengine kuota. Wakati huo huuma zaidi. Hana ubaya wowote, lakini mikwaruzo haikosi mikononi mwa watu wa nyumba hiyo.

Kule Uingereza, ambako mbwa hawana kichaa, mama humpaka mtoto dawa ya vidonda na mambo yakaishia hapo. Hapa kwetu hali ni tofauti.

Ugonjwa usiosamehe

Kichaa cha mbwa kiligunduliwa nchini Kenya mwaka wa 1912, na hakijawahi kuondoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Virusi vyake hukaa katika mate. Mbwa anapouma, au anapolamba kidonda, virusi huingia na kusafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi 2 au 3, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Kidonda hupona, familia husahau. Dalili zikianza, kama vile homa, kuwashwa palipoumwa, kuogopa maji na kuchanganyikiwa, hakuna daktari anayeweza kumwokoa mgonjwa. Lakini akitibiwa kabla ya dalili, ugonjwa huzuilika.

Wengi hudhani kwamba mtoto wa mbwa hawezi kuwa na kichaa kwa kuwa hajaanza kuzurura. Hilo ni kosa. Mama yake huenda akawa anazurura, na mbwa wa jirani huruka ua. Huku Kiplombe, ambako nyumba za kupanga zimepakana na mashamba ya mahindi na maboma ya ng'ombe, mbwa wasio na mwenyewe hupita uani kutafuta chakula. Mbwa mgonjwa akimuuma mtoto wa mbwa mwenye wiki 6, huyo wa pili aweza kuuzwa akiwa bado anaonekana mzima na mchangamfu, kisha augue akiwa kwako.

Dalili zake si lazima ziwe ukali. Huenda akanyamaza, akajificha, sauti ikabadilika, mate yakamtoka na akashindwa kumeza. Wenye mbwa mara nyingi hufikiri amekwamwa na mfupa kooni, wakamfungua mdomo na kuingiza vidole. Usifanye hivyo kamwe. Mfungie mahali peke yake na umwite daktari wa mifugo.

Hesabu ya miezi minne

Mtoto wa mbwa hafai kutengwa na mama yake kabla ya wiki 8. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi 3, na mwili wake huhitaji karibu mwezi mmoja ili ujenge kinga. Ukijumlisha, utaona kwamba kuna takriban miezi 2 ambapo anaishi nyumbani mwako, anauma kila kitu, na hana kinga ya kutosha. Huo ndio wakati wa hatari, na ndio wakati watoto wanapompenda zaidi.

Katika kipindi hicho mweke ndani ya ua usio na mianya. Asitembezwe barabarani wala kukutanishwa na mbwa wengine wasiojulikana. Kampeni ya chanjo ikifika mtaani mwenu, mpeleke hata kama hajatimiza miezi 3, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri mbwa wa umri wowote wachanjwe katika kampeni kama hizo. Kisha arudiwe akifikisha umri. Baada ya hapo achanjwe kila mwaka. Mwaka wa 2014 Kenya ilianzisha mpango wa kutokomeza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100. Wa kwako awe mmoja wao.

Chanjo nyingine, za kuzuia parvo, distempa na homa ya ini ya mbwa, huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki chache hadi wiki ya 16. Hizo zinamlinda yeye mwenyewe. Parvo humharisha damu mtoto wa mbwa na kumuua kwa siku chache, na pesa ulizomnunulia zikapotea.

Unapokwenda kumnunua, usitazame uzuri wa manyoya pekee. Omba kumwona mama yake. Omba kadi ya chanjo ya mama huyo, yenye tarehe na sahihi ya daktari wa mifugo. Uliza watoto wamepewa dawa ya minyoo mara ngapi. Muuzaji anayetaka mkutane stendi ya matatu na kukukabidhi mbwa ndani ya katoni, bila karatasi yoyote, mwambie asante na urudi nyumbani.

Minyoo isiyoonekana

Karibu kila mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo aliyoipata tumboni mwa mama yake. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, na baada ya wiki kadhaa udongoni huwa tayari kuambukiza. Mtoto anayecheza chini na kutia vidole mdomoni huyameza. Viwavi wake huweza kufika kwenye ini, mapafu na hata jicho, na kuna watoto waliopoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja kwa sababu hiyo.

Kinga yake ni rahisi. Dawa ya minyoo hutolewa mbwa akiwa na wiki 2, kisha kila wiki 2 hadi wiki ya 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6, na baadaye kila miezi 3. Kinyesi kiondolewe kila siku. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka kucheza naye, na asiwalambe usoni.

Tegu ni jambo jingine. Kuna aina ndogo sana ya tegu ya mbwa ambayo mayai yake humletea binadamu ugonjwa wa haidatidi, yaani vifuko vya maji vinavyokua kwa miaka mingi ndani ya ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa huku kwetu, imejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti huko mwaka wa 1983. Mbwa huipata tegu hiyo kwa kula maini na mapafu mabichi yenye vifuko. Kwa hivyo, mkichinja kondoo au mbuzi nyumbani, msimtupie mbwa matumbo mabichi. Yapikwe vizuri au yazikwe kwenye shimo refu.

Manyoya marefu pia huficha kupe, ambao huweza kumwambukiza binadamu homa. Mbwa huyu achanwe na kukaguliwa kila siku. Na ikiwa kuna mtu wa nyumbani mwenye pumu, mpelekeni kwanza akae kwa muda katika nyumba yenye mbwa kabla ya kuamua, maana manyoya haya hupukutika mwaka mzima.

Akiuma, fanya hivi

Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa saa bila kukisia. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majani. Usikifunge kidonda kwa kukibana. Kisha nenda hospitalini siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo uliotoa tone moja la damu.

Daktari ataamua kama unahitaji chanjo, ambayo hutolewa kwa siku kadhaa zilizopangwa, na kwa majeraha mabaya zaidi kama inafaa kuongezwa dawa ya kinga inayodungwa kwenye kidonda chenyewe. Usikatize sindano hizo kwa sababu kidonda kimekauka. Mbwa naye asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe na kutazamwa kwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, daktari aweza kukuambia usimamishe chanjo. Lakini usingoje siku 10 ziishe ndipo uanze matibabu.

Jambo la busara ni kuulizia mapema, kabla hata ya mbwa kufika, ni hospitali au zahanati gani iliyo karibu nawe yenye chanjo ya binadamu. Si kila zahanati huwa nayo siku zote.

Mtoto asiogope kusema

La mwisho ndilo huwasumbua madaktari zaidi. Mtoto aliyekatazwa kumchokoza mbwa, akiumwa, hunyamaza kwa kuogopa kuchapwa. Msichana wa kazi aliyeumwa akimlisha mbwa hunyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi. Wote wawili huosha damu kimyakimya bombani, na hakuna anayejua.

Kwa hivyo, siku mbwa anapoingia nyumbani, wakusanye watu wote, pamoja na yaya na kijana wa ng'ombe, uwaambie hivi: yeyote atakayeumwa au kukwaruzwa aseme papo hapo, na hatakaripiwa. Ukitoa ahadi hiyo, itimize. Mtoto akija na kidole kinachovuja damu, mpongeze kwanza, halafu mfungulie bomba.

Golden retriever huishi miaka 10 hadi 12, na dume hukua hadi kufikia kilo 30 na zaidi. Ni rafiki wa muda mrefu, anayehitaji chakula kizuri, mazoezi kila siku na mtu wa kumtunza. Kama gharama za sindano, dawa za minyoo na ua imara zimo katika bajeti yako, mlete. Kama ulikuwa na bei ya kumnunua pekee, ngoja hadi mwaka ujao.